Fundi wa Nyuma ya Kioo

Hukumu isiyotanguliwa na usikivu ni dhuluma. Neno hili tulifundishwa sote, nasi hulirudia mbele ya wanafunzi wetu kila tuwapapo kazi ya kuhakiki. Lakini ni jepesi kulisema kuliko kulitenda. Mimi mwenyewe nilikwisha kulivunja. Siku moja nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba muziki aupendao, ule uitwao hevi metali, si muziki bali ni makelele ya vyuma vigonganavyo. Hakunibishia. Aliniuliza kwa adabu, "Je, mwalimu, umepata kuusikiliza wimbo mmoja hata mwisho wake?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni malipo ya deni lile. Nimesikiliza, nikarudia kusikiliza, na katika kusikiliza kwangu nimekutana na mtu ambaye jina lake halimo sana midomoni mwa watu, ingawa kazi yake imo masikioni mwa mamilioni. Jina lake ni Martin Birch.

Birch hakuwa mwimbaji mashuhuri wala mpiga gitaa wa jukwaani. Alikuwa mtayarishaji wa santuri. Wengi wetu tushikapo santuri mkononi hutazama jina la bendi na picha ya jalada, tukayaacha yale maandishi madogo ya nyuma ambamo hutajwa mafundi. Ni kama mtu aingiaye katika jahazi akasifu tanga na bendera, asiulize ni nani aliyechonga mkuku wake. Basi na tuulize.

Studio ya kunasia sauti aghalabu hugawanywa sehemu mbili kwa kioo kinene. Upande mmoja husimama wapigaji na ala zao. Upande wa pili hukaa fundi mbele ya meza iliyojaa vifungo. Fundi wa sauti huweka mikrofoni mahali pake na kupima nguvu za kila ala. Mtayarishaji ana mamlaka makubwa zaidi: yeye huamua wimbo urudiwe mara ngapi, ni upi uliofaulu na ni upi wa kutupwa, mwimbaji asogee wapi, mpiga ngoma apunguze nini. Katika miaka ya 1970 utepe mmoja wa kunasia sauti uliweza kubeba njia 16, na baadaye 24, kila njia na sauti yake. Kisha njia zote hizo zilichanganywa zikawa mbili tu, moja ya sikio la kulia na moja ya sikio la kushoto. Katika kuchanganya huko ndiko wimbo huokoka au huangamia.

Kazi hii ni ngumu katika kila muziki, lakini katika hevi metali ina ugumu wa namna yake. Gitaa la umeme la muziki huu hutiwa nguvu kupita kiasi kiwezacho kuchukuliwa na kipaza sauti chake, hata mlio ukapasuka na kukwaruza kwa makusudi. Mlio uliopasuka namna hiyo huenea kama mafuriko: hushuka chini ukaziba gitaa la besi, hupanda juu ukagongana na matoazi, na katikati humeza sauti ya mwimbaji. Mtayarishaji asiye hodari huambulia uji mzito usiotambulikana nafaka yake. Aliye hodari huifanya kila ala ijulikane, na juu ya hayo haupunguzii muziki ukali wake, kwa maana ukali ndio roho yake. Kuupoza ni rahisi. Kuupanga bila ya kuupoza ndiyo kazi. Kwa kipimo hiki nataka kumpima Birch.

Alizaliwa Woking, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza, tarehe 27 Desemba 1948. Aliingia kazini akali kijana, na mwaka 1969, alipokuwa na umri wa miaka 20, alikuwa fundi wa sauti katika santuri ya bendi ya Fleetwood Mac iitwayo Then Play On. Ule ulikuwa muziki wa bluzi, muziki wa nafasi na kimya, na nadhani shule hiyo ya kwanza ilimfaa maisha yake yote. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa mafundi wa Deep Purple in Rock, santuri ambayo wengi huihesabu katika misingi ya muziki mzito. Kijana aliyezoea kusikiliza kimya alitumwa kwenda kuipanga radi.

Mtihani wake mkubwa ulimfika mwezi wa Desemba mwaka 1971. Deep Purple walikwenda Montreux, mji ulio kandokando ya ziwa katika Uswisi, wakusudia kunasa santuri yao ndani ya jumba la kasino. Walikodi gari kubwa la bendi ya Rolling Stones lililokuwa na studio nzima ndani yake. Tarehe 4 Desemba, kabla hawajaanza kazi, Frank Zappa alikuwa akipiga muziki katika jumba lile. Mtu mmoja miongoni mwa watazamaji akafyatua fataki, dari likashika moto, na kasino ikateketea. Walihamia katika ukumbi mwingine, lakini majirani walilalamika juu ya makelele na polisi wakaja kuwazuia. Mwisho walipata hoteli kubwa iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya majira ya baridi. Wakapiga muziki ujiani, wakaziba kuta kwa magodoro ili mwangwi usiwaharibie, na nyaya zikapitishwa hadi nje, ambako Birch alikaa ndani ya gari akisikiliza.

Hapa pana jambo ambalo mhakiki hana budi kulitia maanani. Njia ya kutoka walipopiga muziki mpaka kwenye gari ilikuwa ya mzunguko, ya kupita vyumba na roshani katika baridi kali. Wapigaji wakachoka kwenda na kurudi kila mara kusikiliza walichokinasa. Ikawa hapana budi kuyaamini masikio ya kijana aliyekuwa ndani ya gari, naye hajatimiza miaka 23. Santuri ile, Machine Head, ilitoka mwezi wa Machi mwaka 1972 ikafika nafasi ya kwanza katika Uingereza. Isikilizeni leo kwa makini. Ogani na gitaa vyote viwili vimepasuliwa sauti, na kwa desturi vingegombana. Lakini kila kimoja kimepewa upande wake na kimo chake, na ngoma zimekaa katikati, kavu na zilizo wazi, kama mtu azungumzaye nawe chumba kimoja. Jalada husema kuwa watayarishaji ni Deep Purple wenyewe, na Birch ni fundi. Ni kweli kwa maandishi. Kwa masikio, mpaka baina ya fundi na mtayarishaji ulikuwa umekwisha kufifia.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikwenda nao Japani, akanasa maonyesho yao matatu ya Osaka na Tokyo. Made in Japan iliyopatikana katika safari ile ni ushahidi wa pili wa tabia yake: hakuna mapambo; kuna watu watano jukwaani, na msikilizaji aweza kunyosha kidole akamwonyesha kila mmoja alipo.

Baadaye Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa Deep Purple, alipojitenga na kuunda bendi ya Rainbow, alimchukua Birch. Santuri yao ya pili, Rising, ilinaswa Munich, Ujerumani, ikatoka mwaka 1976. Ina nyimbo sita tu na haifiki dakika 35. Katika wimbo uitwao Stargazer, wenye zaidi ya dakika nane, bendi ya watu watano ilisindikizwa na okestra ya mji ule. Fikirini hatari iliyopo: ngoma za Cozy Powell zenye kishindo, gitaa, kinanda, sauti kubwa ya Ronnie James Dio, na juu yake makundi ya fidla. Mtayarishaji mwenye tamaa angaliwapandisha wote pamoja tangu mwanzo ili kutushangaza. Birch aliweka akiba. Okestra huja kama maji ya bamvua, huongezeka bila ya haraka, na ifikapo mwisho wa wimbo twaona kuwa tumekwisha kuzingirwa, wala hatukumbuki ni lini maji yalianza kupanda. Hii ndiyo ninayoiita busara ya mpangilio, nayo haina tofauti na busara ya mwandishi ajuaye kutotumia maneno yake makubwa katika ukurasa wa kwanza.

Kisha alipewa kazi ya kuokoa. Bendi ya Black Sabbath ilikuwa imemwondoa mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, mwaka 1979, na watu walikuwa wakiitabiria kifo. Walimpata Dio mahali pake, na Birch akaitwa kutayarisha Heaven and Hell. Sikilizeni wimbo wenye jina la santuri. Huanza kwa gitaa la Tony Iommi, zito kama lango la chuma lifunguliwalo. Lakini mwimbaji aanzapo ubeti wa kwanza, gitaa lile lote hujitenga; husalia besi ya Geezer Butler, ngoma na sauti ya mtu. Jengo hubomolewa ili tumwone aliye ndani. Gitaa lirudipo, uzito wake huwa maradufu, si kwa kuwa limeongezwa nguvu, bali kwa kuwa tulilikosa. Sisemi kuwa mpango huo ni wa Birch peke yake. Watunzi walikuwa wenyewe. Nasema kwamba kimya kile kimenaswa na mtu asiyekiogopa, nao ni wachache.

Lakini jina lake limefungamana zaidi na Iron Maiden wa London. Santuri yao ya kwanza ya mwaka 1980 ilitayarishwa na mwingine, na Steve Harris, mpiga besi na mtunzi wao mkuu, hakuridhika nayo. Birch aliingia kwa santuri ya Killers iliyotoka mwaka 1981, akabaki nao zaidi ya miaka kumi. Wao walikuwa wakimtania, wakiandika jina lake jaladani pamoja na lakabu mpya kila mara. Mojawapo ya lakabu hizo ilikuwa "Mwalimu Mkuu". Mzaha huo una ukweli ndani yake. Bruce Dickinson, aliyeingia kuwa mwimbaji mwaka 1981, amesimulia jinsi Birch alivyomshikilia katika mistari michache ya mwanzo ya The Number of the Beast kwa muda wa masaa, akimwambia arudie, na arudie tena, hata akashikwa na hasira akarusha viti. Ule ukelele mrefu unaosikika baada ya utangulizi wa taratibu ulitoka katika hali hiyo.

Msomaji aweza kuuliza: je, huu si ukatili? Nimelifikiri swali hili kama mwalimu, kwa maana nasi huwarudishia wanafunzi insha zao mara ya pili na ya tatu, na twajua nyuso wanazotukunjia. Naona tofauti ni hii: yuko mwalimu arudishaye kazi kwa sababu haifanani na aliyoiandika yeye, na yuko arudishaye kwa sababu haijafika pale mwanafunzi mwenyewe awezapo kuifikisha. Birch hakumtaka Dickinson aimbe kama Dio. Ukiziweka santuri za waimbaji hao wawili upande kwa upande, kila mmoja ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi aliyeachiwa upesi hubaki nusu ya vile angalivyokuwa, naye hatamshukuru aliyemhurumia.

Kilele cha kazi yao pamoja, kwa hukumu yangu, ni santuri ya Powerslave ya mwaka 1984, iliyonaswa Nassau katika visiwa vya Bahamas, na hasa wimbo wake wa mwisho uliojengwa juu ya shairi la baharia mzee la Samuel Taylor Coleridge, lililochapishwa kwanza mwaka 1798. Wimbo huo unapita dakika 13. Katikati yake, pale jahazi linapokwama baharini bila ya upepo, bendi nzima hunyamaza. Husikika besi kidogo, mbao za chombo zikilia, na sauti ya mtu asomaye kama kutoka mbali. Yeyote aliyelala usiku ndani ya jahazi lililotia nanga aijua sauti ya mbao hizo, na hahitaji kuambiwa kuwa upepo umekufa. Wapenzi wa fasihi wajifunze hapa: bendi iliyojulikana kwa mbio na kishindo imeeleza jambo kubwa kabisa la shairi kwa kukaa kimya, na mtayarishaji ameuachia utulivu ule nafasi ya kutosha.

Mhakiki mwenye insafu hasifu tu. Birch alikuwa na mipaka. Alitayarisha Slide It In ya bendi ya Whitesnake, iliyotoka mwaka 1984. Ilipotakiwa kuuzwa Marekani, kazi yake ilionekana kavu mno kwa soko lile. Ikapewa fundi mwingine, Keith Olsen, aichanganye upya, na baadhi ya sehemu zikapigwa tena. Wako wapendao zaidi ile ya kwanza, nami ni mmoja wao. Lakini lazima tukiri kwamba zama zilikuwa zikibadilika kuelekea mng'aro, na Birch hakuwa mtu wa mng'aro.

Kosa kubwa zaidi naliona katika No Prayer for the Dying ya mwaka 1990. Iron Maiden walikuwa wamechoshwa na santuri zilizopambwa sana, wakataka kurudia ukavu wa zamani. Wakanasa katika ghala la shamba la Harris mwenyewe huko Essex, kwa kutumia gari lile lile la Rolling Stones lililotumika Montreux. Gari lilikuwa lile lile, na fundi yule yule, lakini matokeo hayakuwa sawa. Sauti yake ni nyembamba na imebanwa, nyimbo zasikika kama zilizoharakishwa, na Dickinson mwenyewe baadaye hakuficha kutoridhika kwake. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu shida ya Montreux ilikuwa ya kweli, na shida ya Essex ilikuwa ya kujitakia. Mtu aliyeunguliwa na nyumba hujenga kibanda kwa akili zake zote. Tajiri ajengaye kibanda ili akumbuke umaskini wake hupata kibanda tu. Mwalimu Mkuu alipaswa kuwaambia hivyo rafiki zake; pengine miaka kumi ya urafiki ilikuwa imemfunga ulimi. Fundi azoeapo watu wake kupita kiasi, kioo kile cha studio humezwa, na hakuna tena anayesikiliza kutoka upande wa pili.

Limebaki lile pingamizi ambalo wazazi wengi wangelitanguliza: muziki huu hutaja shetani. Ni kweli, The Number of the Beast ya mwaka 1982 ilichukua jina lake katika Ufunuo wa Yohana, na huko Marekani wako waliozichoma sahani zake hadharani. Lakini Harris ameeleza kuwa wimbo wenyewe ulitokana na ndoto mbaya aliyoiota, nao ni simulizi la mtu aliyeshikwa na hofu. Hadithi zetu za majini na mazimwi nazo zimejaa vitisho, wala hatusemi kuwa bibi azisimuliaye anaabudu zimwi. Anayetisha na anayeabudu ni watu wawili. Sitamshurutisha mtu yeyote kuupenda muziki huu. Namwomba tu autofautishe.

Baada ya Fear of the Dark ya mwaka 1992, aliyoitayarisha pamoja na Harris na ambayo ilifika nafasi ya kwanza katika Uingereza, Birch aliacha kazi. Alikuwa na umri wa miaka 43. Hakurudi. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, akiwa na miaka 71, na waliomlilia kwanza walikuwa wale aliowaketisha na kuwarudisha nyuma ya mikrofoni mara nyingi kuliko walivyopenda. Kujua kuanza ni kipaji. Kujua kukoma ni adabu, na kwa fundi aliyeishi kwa kupima sauti na kimya, kukoma kule nakuona kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Leo kijana wa Nairobi aweza kunasa wimbo chumbani kwake kwa kompyuta, bila ya kioo wala meza ya vifungo, na wako vijana wa mji huo wapigao muziki huu huu mzito. Njia hazina mwisho tena. Aweza kutumia mia akitaka. Hicho ndicho kinachoifanya kazi ya Birch istahili kuchunguzwa sasa kuliko zamani, kwa maana yeye atafundisha kile ambacho mashine haiwezi: ni ala gani ikae kimya, kwa muda gani, na ni nani arudie.

Basi nimrudie mwanafunzi wangu. Nimeusikiliza wimbo mmoja hata mwisho wake, na baada yake nyingine nyingi. Baadhi bado zanichosha, na sitasema uongo juu yake. Lakini makelele ni sauti zisizo na mpango, na hapa nimeukuta mpango, tena wa mkono mmoja unaotambulikana kutoka bendi hii hadi ile. Nilikosea, nami nakiri kosa langu kwa maandishi, mahali ambapo wanafunzi wengine waweza kulisoma.